Kuchagua darubini ya pili yenye nguvu zaidi kwa bajeti ndogo

Kabla ya kutafuta darubini mpya, ichunguze kwanza uliyo nayo, usiku mmoja mbingu ikiwa shwari. Ielekeze kwenye nyota angavu kwa lenzi ya jicho ya milimita 25, gonga bomba kidogo kwa kidole, kisha hesabu. Nyota ikitetemeka zaidi ya sekunde 3, kinachokukwaza ni stendi. Fupisha miguu, kaza skrubu zote, tundika mzigo wa kilo 3 hadi 5 katikati ya miguu mitatu, ujaribu tena. Nyota ikiwa na mkia wa upande mmoja hata unapoiweka katikati kabisa, na darubini yako ni ya vioo, basi vioo vimehama mahali pake. Hilo hurekebishwa kwa bisibisi, bila kununua kitu.

Au tatizo ni ukuzaji uliopitiliza. Darubini nyingi za kuanzia huja na boksi lililoandikwa mara 525. Hesabu yake ni hii: urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo au lenzi kuu hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 700, gawanya kwa lenzi ya milimita 4, zidisha kwa lenzi ya Barlow (lenzi ya nyongeza inayozidisha ukuzaji) ya mara 3. Kimahesabu ni kweli, ila kwa macho haina faida yoyote. Kikomo cha juu ni takriban mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo cha kioo au lenzi kuu, kwa hiyo darubini ya milimita 70 inaishia kwenye mara 140, na hata hapo picha huwa hafifu. Ukiona Zohali kama doa la ukungu kwa lenzi ya milimita 4, rudi kwenye milimita 10 bila Barlow. Huenda ukakuta pete ziko wazi, na unachohitaji ni lenzi moja nzuri tu.

Vipimo hivi vyote vikipita salama, lakini galaksi bado ni kivuli na kundi la nyota la Omega Centauri ni pamba isiyo na nyota ndani yake, hapo umeishiwa mwanga. Darubini kubwa zaidi ina sababu ya kununuliwa.

Kipenyo kwanza

Mwanga unaokusanywa hufuata mraba wa kipenyo. Kutoka milimita 70 hadi 150 unapata mwanga mara 4.6, kutoka 70 hadi 200, mara 8. Lakini kutoka 114 hadi 130 ni mara 1.3 tu, na kutoka 130 hadi 150 ni vivyo hivyo. Tofauti hiyo jicho huitambua kwa shida, ingawa pesa hutoka kweli. Kanuni ya kushika: kipenyo kipya kiwe angalau mara 1.5 ya kile cha zamani. Mwenye 76 anaweza kuruka hadi 150 akafurahi miaka mingi. Mwenye 130 asiguse kitu hadi aweze kupata 200.

Kipenyo huongeza pia uwezo wa kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Gawanya 116 kwa kipenyo cha milimita, upate sekunde za tao (kila moja ni sehemu ya 3600 ya digrii): milimita 70 hutenganisha nyota pacha zilizoachana kwa 1.7, milimita 200 hufika 0.6. Ndiyo maana makundi ya nyota yenye umbo la mpira, kama M13 na M22, ambayo katika darubini ndogo ni mawingu tu, katika milimita 150 huanza kuonyesha nyota mojamoja pembeni, na katika milimita 200 nyota hujaa hadi karibu na kiini. Mabadiliko haya ndiyo yanayostahili gharama.

Kwa nini Dobson

Kwa bajeti ndogo, jibu letu mara nyingi ni moja: darubini ya vioo ya aina ya Newton juu ya stendi ya Dobson. John Dobson alieneza stendi hii huko San Francisco: kisanduku cha mbao kinachozunguka juu ya ubao, bomba likiinuka na kushuka kwa mkono. Haina mota wala miguu mirefu, hivyo sehemu kubwa ya pesa yako inakwenda kwenye kioo.

Saizi mbili ndizo za kuzingatia. Ya milimita 150 ina urefu wa fokasi wa milimita 1200, yaani uwiano wa fokasi (fokasi gawanya kwa kipenyo) wa 8. Ya milimita 200 ina 1200 pia, uwiano wa 6. Mabomba yake yanakaribiana urefu, kama mita 1.2, lakini ya 200 ni nene na nzito zaidi: bomba na stendi pamoja huvuka kilo 20. Hubebwa kwa safari mbili, bomba kivyake na stendi kivyake. Kabla ya kulipa, chukua mzigo wa kilo 12, ukumbatie kifuani, upite nao mlango na ngazi zote hadi mahali utakapotazamia nyota. Ukifika unahema, chagua ya 150. Darubini inayotoka nje kila wiki itakuonyesha mengi kuliko kubwa inayolala kabatini, na ile ya 150 ina wema wake: uwiano wa 8 unavumilia lenzi za jicho za bei rahisi na vioo visivyopangwa kikamilifu. Ya milimita 250 tunawashauri tu wale wanaoitazamia palepale inapohifadhiwa, au wenye gari.

Zipo hali mbili ambamo Dobson kubwa si jibu. Ya kwanza ni nafasi finyu na safari nyingi. Hapo Dobson ya mezani ya milimita 130, fokasi 650, inatosha begi kubwa, na kwa lenzi ya milimita 32 inaonyesha uwanja (eneo la anga linaloonekana) wa karibu digrii 2.5, kiasi kwamba Kilimia kinaingia kizima, jambo ambalo zile za fokasi 1200 hushindwa kwa lenzi hiyohiyo. Ila inadai meza imara au stuli nzito. Juu ya meza inayoyumba utarudi kwenye tatizo la mtetemo. Ya pili ni mtu wa mjini anayependa mwezi na sayari, na anatazamia kwenye baraza. Maksutov (darubini ya kioo chenye lenzi mbele yake) ya milimita 127, fokasi kama 1500, ni fupi, haihitaji kupangwa vioo mara kwa mara, na picha yake ni kali. Uwanja wake lakini ni mwembamba, karibu digrii 1 tu.

Za kuepuka

Ukikuta darubini ya vioo ya milimita 114 au 127 yenye bomba la nusu mita, na lebo inasema fokasi 1000, iache. Bomba la Newton wa kweli hukaribia urefu wa fokasi yake. Lililo nusu lina lenzi iliyofichwa ndani ya mrija wa fokasi (unaoshika lenzi ya jicho) ili kurefusha fokasi na kusahihisha kioo chenye umbo la tufe. Katika darubini za bei rahisi lenzi hiyo mara nyingi ni duni, na huvuruga upangaji wa vioo.

Uliza pia umbo la kioo kikuu. Kwa uwiano wa 8 au 9 na kipenyo kidogo, kioo cha tufe kinakubalika. Kwa uwiano wa 5 lazima kiwe cha parabola, la sivyo sayari hazitakaa kali kwa ukuzaji mkubwa. Mrija wa fokasi uwe wa inchi 1.25 au 2. Zile za zamani za milimita 24.5 zitakufungia mlango wa lenzi nzuri. Darubini za lenzi zilizo fupi, kama 80 yenye fokasi 400, hupendeza kwa kutazama anga pana, lakini Mshtarii hupata ukingo wa zambarau. Stendi nyembamba za ikweta (zenye mhimili unaofuata mzunguko wa anga) zinazobeba bomba kubwa ni chanzo kingine cha mtetemo. Na mota ya kutafuta nyota yenyewe, kwa bajeti hiihii, humaanisha kioo kidogo zaidi. Ramani ya nyota kwenye simu hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ukinunua iliyotumika

Dobson haina umeme wa kuharibika, kwa hiyo iliyotumika ni chaguo zuri sana. Usiogope vumbi juu ya kioo. Hata kioo safi huonekana kichafu ukikimulika kwa tochi. Angalia badala yake kama rangi ya fedha imebanduka au imeingia madoa ya kutu pembeni, na kwenye darubini za lenzi tafuta ukungu wenye nyuzi kama utando. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho, isikwame wala kuyumba. Ukiweza, omba uione usiku: isogeze nyota nje ya fokasi kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Duara likiwa yai lililolala upande mmoja na yai lililosimama upande wa pili, kioo kina kasoro au kimebanwa vibaya.

Ndani ya boksi ukikuta kichujio cheusi cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe siku hiyohiyo. Kinakaa pale joto linapokusanyika na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa hapo. Kichujio cha jua cha kweli hufunika mdomo wa mbele wa bomba zima.

Tenga sehemu ya tano ya pesa

Usimalize zote kwenye bomba. Kiasi kama 20% kibaki kwa kifaa cha kupangia vioo, tochi ya mwanga mwekundu, na lenzi moja ya ziada. Dobson nyingi huja na milimita 25 na 10, yaani mara 48 na mara 120 kwa fokasi ya 1200. Ongeza milimita 6 yenye pembe ya kuonea ya digrii 66 hivi, upate mara 200, ambayo ndiyo hewa ya usiku mwingi huruhusu. Pembe ni muhimu kwa sababu hakuna mota: kwa lenzi hiyo sayari hupita uwanja mzima kwa sekunde 80, kwa ya digrii 50 ni sekunde 60 tu kabla hujasukuma bomba tena.

Usiku wa kwanza

Toa darubini nje dakika 30 hadi 60 kabla ya kutazama, kioo kipoe. Kisha panga vioo:

1. Laza bomba sambamba na ardhi, ili bisibisi ikidondoka isiangukie kioo kikuu.
2. Chungulia kupitia kifaa cha kupangia. Geuza skrubu 3 za kioo kidogo kwa robo mzunguko, ukilegeza moja na kukaza nyingine, hadi uone kioo kikuu chote pamoja na vishikizo vyake.
3. Legeza skrubu za kufungia nyuma ya bomba, zungusha zile za kurekebishia hadi alama ya katikati ya kioo kikuu ilingane na katikati ya kifaa. Funga taratibu na uangalie tena, maana kufunga huvuta kioo.
4. Elekea nyota iliyo juu kwa mara 150 hivi na uitoe kidogo nje ya fokasi. Kivuli cheusi cha kioo kidogo kikae katikati ya miduara.

Ukiona pembetatu badala ya duara, vishikizo vya kioo vimekazwa mno. Vilegeze hadi kipande cha karatasi kipite kati ya kishikizo na kioo. Na kama nyota zinameremeta sana angani, picha ya Mshtarii itachemka hata kwa kioo bora. Shuka hadi mara 100, au geukia makundi ya nyota, usubiri usiku mwingine kabla ya kuilaumu darubini.