Jinsi ya kulizeesha jaketi jipya la ngozi bila kuliua

Juni mwaka jana kijana mmoja alikuja kibandani kwangu katika soko la Gikomba, Nairobi, akiwa amelibeba jaketi lake mkononi, na asubuhi ile baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Lilikuwa jaketi la ngozi ya ng'ombe, jeusi, zito, kola imesimama wima kama kadibodi. "Mama," akasema, "nikilivaa hili naonekana nimeazima. Nataka likae kama yale." Akanionyesha majaketi ya mtumba niliyokuwa nimeyatundika yakingoja kubadilishwa zipu.

Nilimwelewa. Jaketi jipya halijamzoea mwenyewe. Mikono inasimama mbali na mwili, ukikaa mgongo unapanda hadi kisogoni, na kila ukijigeuza linalia. Watu wengi wakifika hapo hukimbilia msasa. Nitakueleza nilivyolishughulikia la kijana huyu, na msasa utauona mwishoni, kwa dakika chache tu.

Anza na jaketi la mtu mwingine

Kabla hujaligusa lako, nenda penye mtumba ukayashike majaketi ya zamani. Nimefanya kazi ya ngozi miaka 18, nikianzia kwa mjomba wangu katika soko la Kariokor kwenye sandali na mikoba, na tangu nihamie Gikomba nimefumua mishono ya majaketi nisiyoweza kuyahesabu. Yote yanachakaa kwa utaratibu ule ule. Pindo la mkono wa kulia hupauka kabla ya la kushoto, kwa kuwa wengi wetu tunatumia mkono wa kulia. Mdomo wa mfuko ambao mwenyewe alipenda kutia mkono hulegea na kuachama kidogo. Bega moja hung'aa kuliko jingine, lile lililobeba kamba ya begi. Kola upande wa shingoni haipauki. Huzidi kuwa nyeusi kwa jasho na mafuta ya mwili. Kwenye kiwiko mikunjo hujipanga kama mistari ya kiganja. Na utazame mishono kwa karibu sana: pale ngozi inapoinuka juu, rangi imelika, ila kwenye kijibonde cha uzi rangi imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Kwapani na chini yake karibu hapana alama yoyote, kwa sababu hapagusani na vitu vya nje.

Nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Wanapausha kote sawasawa, bega hili na lile kama mapacha, kifua na mgongo pia. Anayekuona anaweza asijue kosa liko wapi, lakini hataamini kwamba jaketi hilo umelivaa miaka.

Ijue ngozi uliyo nayo

Pindua mfuko wa ndani au chungulia nyuma ya zipu, utafute mahali ngozi ilipokatwa ikaachwa bila kukunjwa. Utazame ule ukingo penye mwanga. Ukiwa mweusi tii hadi katikati, rangi imezama ndani. Ukisugua utapata mng'ao na kupauka kidogo, hutaona rangi nyingine. Ukiwa mweusi juu na kahawia ndani, una bahati, maana kila patakapolika patatokea kahawia yenye joto, na wapo watu wanaolipa pesa nyingi kuipata hiyo. Ukiona katikati pana kijivu chenye ubuluu, ngozi hiyo imetengenezwa kwa chumvi za kromiamu, kama yalivyo majaketi mengi ya madukani, na weusi haukupenya hadi ndani. Ukilisugua kupita kiasi kitatokea kijivu cha simenti, na hakipendezi hata kidogo. La yule kijana lilikuwa na utepe mwembamba wa kijivu katikati, nikajua mpaka wangu uko wapi.

Kisha dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Likizama ndani ya dakika chache na kuacha doa la muda, ngozi inapumua. Itapokea maji na mafuta. Likikaa juu likiviringika kama kwenye jani la nduma, basi ngozi imefunikwa kwa tabaka nene la rangi. Hiyo nayo italainika, lakini taratibu zaidi, na ukiilazimisha itapasuka ufa badala ya kukunjika.

Na kama nyuma ya "ngozi" unaona kitambaa kimegandishwa, hiyo ni reksini. Usipoteze muda wako. Reksini haichakai, inabanduka.

Livae wiki tatu

Kijana alitegemea niliache kibandani nilifanyie kazi. Nikamrudishia. Nikamwambia alivae kila siku kwa wiki tatu, kwenye matatu, kwenye boda, akiwa amekaa mezani anakula. Funguo ziingie mfuko uleule kila siku, na begi libebwe bega lilelile. Akifika nyumbani asilitundike. Alitupe juu ya kiti.

Ndani ya ngozi kuna nyuzi ndogondogo zilizosokotana, na kinachozilegeza ni kukunjwa mara nyingi mahali pamoja. Hakuna dawa inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko kiwiko chako mwenyewe. Boda inasaidia kuliko vyote. Jaketi hili la zipu inayokatiza kifuani, ambalo Irving Schott alianza kulishona New York mwaka 1928, lilikusudiwa mwendesha pikipiki, mtu aliyenyoosha mikono mbele na kuinama kidogo. Ukilivaa umesimama tu kama mlinzi wa benki, mikunjo haiji panapotakiwa.

Maji, kwa uangalifu

Alivyorudi Julai mikono ilikuwa imeanza kushuka. Hapo ndipo nikatumia maji.

Kwanza niseme yanayokatazwa. Usiyajaribu haya kwenye ngozi ya swedi, ile yenye vinyweleo kama mahameli, wala ile nyembamba laini ya kondoo. Na usitumie maji ya moto kamwe. Ngozi mbichi kwa maji ikikutana na joto kali, nyuzi zake hujivuta na haziachii tena. Niliwahi kuletewa jaketi ambalo mwenyewe alikuwa ametumbukiza mkono mmoja kwenye beseni la maji yaliyotoka jikoni. Mkono ule ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na mkavu kama ngozi ya ngoma. Sikuwa na la kumsaidia ila kuukata na kushona mwingine.

Tia maji ya vuguvugu kwenye chupa ya kunyunyizia. Nyunyiza viwiko, upande wa ndani na wa nje, kisha mabega kwa juu, na kiunoni panapojikunja ukikaa. Acha rangi iive, yaani izidi weusi, lakini maji yasichuruzike. Ukilowesha mpaka bitana ikalowa, utaacha alama za duara na pengine bitana isinyae ikivute kifua chote. Vaa shati la pamba, valia jaketi juu yake, ufunge zipu. Sasa kunja mikono, chuchumaa, kaa, shika kitu kama usukani wa pikipiki, jifunge kiatu. Kaa nalo hivyo saa moja au mbili. Litakuwa baridi mwilini na utatamani kulivua; vumilia.

Ukilivua, lining'inize kwenye henga pana ya mbao, si ya waya, kwa sababu henga ya waya huchoma vijipembe mabegani na vikikauka havitoki. Kunja kila kiwiko kama kilivyokunjwa mwilini na ukibane kwa vibanio viwili vya nguo, na kipande cha kitambaa katikati ili vibanio visiache meno. Likauke kivulini penye upepo. Jua la kwenye mabati huikausha ngozi kupita kiasi, na jiko ni baya zaidi. Lile la kijana lilichukua siku mbili nzima kwa sababu ya baridi ya Julai yetu, na nililigeuza mara kwa mara lisipate ukungu. Ukiweza kungoja, fanya Januari au Februari.

Likishakauka litakuwa limekakamaa. Usiogope. Likunje kama mkate wa chapati unaoviringishwa, ulikande kwa viganja, ulifungue, ulikunje upande mwingine. Baada ya robo saa litalegea, na mikunjo ya kiwiko itabaki pale pale. Nilirudia maji mara mbili, nikiacha wiki moja katikati.

Msasa, na spiriti niliyoijutia

Nunua msasa namba 400 na namba 600. Namba 120, ulio mkali zaidi, waachie maseremala. Kata kipande kidogo kama stempu, ukikunje kwenye ncha ya kidole. Gusa ukingo wa kola, pindo la mkono, mdomo wa mfuko mmoja kuliko mwingine, kingo za zipu, na migongo ya mishono mabegani. Kwenye kiwiko sugua vilele vya mikunjo peke yake. Ndiyo maana maji hutangulia: mikunjo ikishakuwepo, inakuonyesha yenyewe pa kupitisha kidole. Mgongo mpana na kifua usiviguse.

Mimi hupitisha mara kumi, kisha nalitoa jaketi nje ya kibanda na kulitazama kwa hatua tatu penye mwanga wa mchana. Taa ya ndani inadanganya. Ukihisi bado kidogo, acha hapo hapo. Kilichobaki utakimaliza kwa kulivaa, lakini rangi uliyoiondoa hairudi.

Kuhusu spiriti, wengi wataisikia ikisifiwa kwa sababu inafifisha rangi haraka. Ni kweli inafifisha. Miaka kadhaa iliyopita nililowesha pamba nikasugua kifua cha jaketi la mteja, nikidhani rangi itapungua pole pole. Haikupungua kwa muda, halafu ikatoka yote kwa mara moja, nikabaki na doa jeupe la ukubwa wa sahani. Nililipaka rangi upya jaketi zima kwa gharama yangu, na bado nikitazama niliona mahali pale. Siku hizi nikitumia spiriti, natumia pamba ya kusafishia masikio, natia tone, nagusa ncha ya mshono na kupangusa papo hapo. Dirisha liwe wazi, na jiko lisiwe karibu.

Zipu na vifungo vinavyometameta huumbua kazi yote. Visugue taratibu kwa zile nyuzi za chuma za kusafishia sufuria mpaka mng'ao ushuke, kisha upitishe mshumaa kwenye meno ya zipu iteleze.

Habari za kulizika jaketi ardhini, kulipitishia gari juu, au kulimwagia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nakuomba uziache. Ninaletewa yaliyofanyiwa hivyo. Ngozi inakuwa imekufa. Ukiivuta inachanika kama karatasi ya sukari.

Lilishe

Maji na msasa vyote vinaikausha ngozi, kwa hiyo bila mafuta umefanya nusu ya kazi. Mimi hujitengenezea: sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu tatu za mafuta ya mbarika, nayeyusha kwenye bakuli lililokalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha naacha igande. Mafuta ya kupikia usitumie, yatanuka baada ya muda. Jaribu kwanza mahali palipojificha, kwa sababu mafuta huivisha rangi. Chota kiasi cha punje ya harage, uyasugue viganjani yapate joto, upake kwa mikono mitupu, ukianza na viwiko na mishono. Liache lilale usiku kucha, asubuhi ulipanguse kwa kitambaa kikavu. Sehemu ulizosugua kwa msasa, ambazo jana zilionekana mbichi kama kidonda, zitakuwa zimetulia na kuchanganyika na zingine. Hatua hiyo naipenda kuliko zote.

Kijana alilichukua mwisho wa Julai. Oktoba akarudi, akiwa amelivaa safari hii, kichwa cha zipu kimekatika. Wakati nabadilisha nikalipekua lote. Pindo la kulia nililolianza kwa msasa lilikuwa limeendelea lenyewe mpaka sikuweza tena kuona nilipoishia. Chini ya kola, upande wa kushoto, palikuwa na mikwaruzo midogo imepangana karibu karibu, na nikalazimika kumuuliza imetoka wapi. Akainua helmeti yake akanionyesha kibati cha mkanda, kinachogonga pale kila anapoifungua.