Namna ya Kubashiri Umbo na Vifungo vya Kabonili za Metali za Mpito

Anayetaka kubashiri umbo la kabonili ya metali, yaani kampaundi ya metali iliyofungamana na molekuli za monoksidi ya kaboni (CO), aanze kwa kuhesabu elektroni kabla ya kuchora chochote. Chukua namba ya kundi la metali katika jedwali la elementi, ambayo ni idadi ya elektroni zake za nje, kisha ongeza 2 kwa kila CO. Jumla ikifika 18, kampaundi kwa kawaida huwa thabiti. Nikeli, yenye 10, huhitaji CO 4, nayo Ni(CO)₄ ina umbo la tetrahedroni. Kampaundi hii, iliyotangazwa na Ludwig Mond na wenzake mwaka 1890, ni kimiminika chenye sumu kali kinachochemka kwenye nyuzi 43 hivi za Selsiasi, kwa hiyo isomwe kwenye karatasi tu. Chuma chenye 8 huchukua CO 5, na kromi yenye 6 huchukua 6 zinazopangika kwa umbo la oktahedroni.

Ugumu huja namba ya kundi inapokuwa witiri. Manganisi ina 7, na hata ikipewa CO 5 hukwama kwenye 17. Ndipo atomi mbili zinapofungamana moja kwa moja na kuunda Mn₂(CO)₁₀, kila moja ikihesabu elektroni moja ya mwenzake na kufika 18. Vanadi katika V(CO)₆ hubaki na 17, kwa kuwa CO sita zimeizunguka na kuacha nafasi finyu mno ya kuungana na mwenzake, lakini hupokea elektroni moja zaidi kwa urahisi.

Baada ya umbo, chunguza kifungo chenyewe, sehemu ambayo wanafunzi wengi huipita haraka. Kaboni huipa metali jozi ya elektroni, nayo metali hurudisha elektroni zake za nje (za d) kwenye obiti tupu za CO, yaani nafasi za kukaa elektroni, ambazo zikiingiwa hudhoofisha kifungo cha kaboni na oksijeni huku kile cha metali na kaboni kikiimarika. Ushahidi wake umo katika mionzi ya infraredi, ambamo namba ya unyonyaji (kwa cm⁻¹, yaani idadi ya mawimbi kwa sentimita) ikishuka huonyesha kuwa kifungo cha kaboni na oksijeni kimedhoofika: CO huru hunyonya kwenye 2143 cm⁻¹, [Mn(CO)₆]⁺ karibu na 2090, Cr(CO)₆ karibu na 2000, na [V(CO)₆]⁻ karibu na 1860, ingawa zote tatu za mwisho zina elektroni 18. Kadiri chaji hasi inavyozidi, ndivyo metali inavyorudisha elektroni nyingi zaidi.

CO iliyounganisha metali mbili kama daraja, kama zilivyo mbili katika Co₂(CO)₈ ikiwa yabisi, nayo hunyonya karibu na 1850. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza kuwa umeona daraja, angalia kwanza chaji ya kampaundi.