Kukimbia Bukavu: panga kabla ya kufunga viatu

Ukitoka nyumbani bila kujua unakwenda kukimbia nini, vilima vya Bukavu vitakupangia vyenyewe, na havina huruma. Jioni andika mstari mmoja: kesho ni taratibu, ni mlima, au ni kasi. Moja tu.

Za taratibu mimi huzifanyia Muhumba, kando ya ziwa, kabla motari, waendesha pikipiki za abiria, hawajaanza kupiga honi. Kipimo hakihitaji saa: uweze kumsalimia mama muuza mkate na kumuuliza habari za watoto, sentensi nzima, bila kuhema. Ukishindwa, punguza. Vijana wengi hapa wanaona aibu kwenda polepole. Haohao ndio utawakuta wakichechemea.

Mlima, mara moja kwa juma inatosha. Ukielekea Kadutu, panda kwa hatua fupi, macho mita chache mbele, mikono ifanye kazi. Kushuka, tembea, huko ndiko magoti yanakolipa. Mvua ikishanyesha, udongo unateleza kama sabuni: ahirisha.

Kasi inataka mwendo ulioamuliwa mapema. Eliud Kipchoge, Vienna mwaka 2019, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, na mwendo ulipangwa kuwa dakika 2:50 kwa kilomita, tangu ya kwanza. (Ndiyo, alikuwa na wenzake wa kumkinga upepo. Nao walipangwa.) Wewe chagua wako, hata dakika 7, na kilomita ya kwanza usiuzidishe, hasa ukijisikia vizuri.

Jumapili ni misa. Miguu ilale.