Rajasthan kwa treni: ngome tatu zinatosha

Wabongo wengi tukifika Delhi, iwe masomo au kumsindikiza mgonjwa, tukipata siku mbili za nafasi tunakimbilia Agra, picha na Taj Mahal, basi, India imeisha. Kama una wiki nzima, mi nakushauri upande treni uelekee magharibi, Rajasthan, jimbo la jangwa la Thar ambako zamani kulikuwa na falme kibao za Warajput, koo za wapiganaji, na kila mfalme alitaka ngome yake juu ya mlima. Ila usitake kuziona zote, ukifika ya tano utakuwa unaangalia kuta tu na miguu inauma. Chukua tatu: Amber pale Jaipur, Mehrangarh ya Jodhpur, na Jaisalmer.

Nenda kati ya Oktoba na Machi. Mei na Juni joto linaweza kupita nyuzi 45, sio mchezo. Ila Desemba na Januari usidanganywe na neno jangwa, usiku kuna baridi ya Makete kabisa, beba sweta la maana.

Tiketi za treni zinaanza kuuzwa siku 60 kabla na msimu wa wageni zinaisha chap, na ukiona imeandikwa WL ujue bado huna kitanda, uko kwenye foleni. Chukua 3AC, behewa la vitanda lenye kiyoyozi, shuka na blanketi wanakupa. Ile ya Sleeper, vitanda bila kiyoyozi, ni bei chee kweli, lakini madirisha wazi, vumbi lote la Thar utalila wewe. Begi lifunge kwa mnyororo chini ya kitanda kama wenyeji wanavyofanya. Jaipur hadi Jodhpur ni kama masaa matano, Jodhpur hadi Jaisalmer matano au sita.

Jaipur siku moja na nusu inatosha. Amber fika mapema mno, kabla mabasi hayajaja, na upande kwa miguu, wale tembo wa kubeba watalii waache wapumzike. Mjini utazungushwa na bajaji (ndio, zimetoka hukohuko), patana bei kabla hujakaa.

Mehrangarh sasa, hapo ndo utulie. Ilianzwa mwaka 1459 na Rao Jodha, imekaa juu ya jabali na chini yake nyumba za bluu. Wengi wanapita getini haraka wakawahi makumbusho, we simama kwanza. Njia inakunja kona kali kabla ya lango ili tembo wa vita asipate nafasi ya kuvuta mbio, na mlango wenyewe una miiba ya chuma mirefu, juu kabisa, usawa wa kipaji cha tembo. Nikakumbuka misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe Zanzibar, kumbe ule urembo wetu huku ulikuwa silaha! Pembeni ya lango la mwisho kuna alama za viganja vya wake wa wafalme waliokwenda kuchomwa pamoja na maiti za waume zao. Vidogo, kama vya mtoto wa darasa la tano. Nilikaa kimya hapo muda mrefu.

Kula: tafuta dal baati churma, yani vitonge vya unga wa ngano vilivyochomwa, unavivunja kwa mkono unamwagia samli na dengu. Ukimiss nyama kuna laal maas, pilipili yake usiichukulie poa.

Jaisalmer ni ya mwaka 1156 na watu bado wanaishi ndani ya ngome, ng'ombe na pikipiki vichochoroni. Lala nje ya kuta ingawa ndani kuna gesti nzuri, maji yanayomwagwa humo yanazama kwenye msingi na kuta zinalegea.

Kuhusu ngamia, gesti moja iliniuzia safari ya "jangwa tupu" nikapelekwa kwenye vilima vya mchanga vya Sam, nikakuta majeep yamepangana na spika zinapiga muziki mpaka usiku. Kesho yake nikaenda kijiji cha Khuri kwa hela yangu tena, huko kumetulia. Mwenye ngamia alichemsha chai kwa kuni, tukala, halafu akasugua sahani kwa mchanga mkavu bila tone la maji, zikang'aa. Usijaribu tu kusogea zaidi kuelekea mpaka wa Pakistan, mgeni anahitaji kibali.