Kupima Mafuta ya Nazi kwa Kolamu ya Kromatografia ya Gesi

Mafuta ya nazi yanayouzwa Malindi huwa hasa ya namna mbili: ya tui lililochemshwa hadi maji yakakauka, na ya mbata iliyokamuliwa kwa mashine. Yakishachanganywa na mafuta ya bei nafuu, pua na ulimi ni mashahidi dhaifu. Kromatografia ya gesi hutoa ushahidi ulio bora, kwa kuwa hutenganisha asidi za mafuta moja baada ya nyingine na kuonyesha kiasi cha kila moja. Lakini ushahidi huo hutegemea mno hali ya kolamu, yaani mrija mwembamba ambamo mvuke wa sampuli hupita na kutenganishwa, na ndiyo maana kolamu hushughulikiwa kabla ya sampuli.

Kwa kazi hii inafaa kolamu ya kapilari yenye urefu wa mita 30, kipenyo cha ndani cha milimita 0.25, na utando wa ndani wa polietilini glaikoli wenye unene wa mikromita 0.25. Utando huu wa polari, yaani wenye molekuli ambazo chaji zake za umeme hazikusambaa sawasawa, hutoa asidi ya steariki, kisha oleiki, kisha linoleiki, zikiwa zimeachana vizuri, ilhali ule wa silikoni usio wa polari huzileta oleiki na linoleiki karibu kiasi cha kupandana. Silikoni, kwa upande wake, huvumilia joto linalozidi nyuzi 300 za Selsiasi. Kolamu nyingi za glaikoli hukomea karibu na 250, nazo huharibiwa upesi na oksijeni zikiwa moto. Kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kolamu ndicho cha kufuatwa.

Wakati wa kuifunga, nati na pete ya grafiti hupitishwa kwanza, ndipo ncha ikatwe, kwa sababu chembe za grafiti zikiingia ndani huvifanya vilele vya grafu, ambavyo kila kimoja huonyesha kitu kilichotoka kwenye kolamu, viburute mkia. Kwaruza mara moja kwa kikatio cha kauri, vunja kwa kuinamisha kidogo, kisha tazama ncha kwa kioo cha kukuzia: ukingo uwe bapa, usiwe na meno, wala ganda la hudhurungi la nje lisining'inie mdomoni. Unganisha ncha hiyo na mlango wa sindano, fungulia gesi inayosukuma mvuke wa sampuli, na utumbukize ncha ya pili katika kichupa cha heksani, kiyeyushi chepesi. Viputo vikitoka mfululizo, gesi inapita. Iache ipite nusu saa bila joto ili iondoe hewa, kisha pandisha joto polepole hadi nyuzi 20 juu ya joto kubwa la kazi yako, bila kuvuka kikomo, na uiache hapo saa moja au mbili huku ncha ya pili ikiwa haijaunganishwa na kigunduzi, yaani kifaa kinachopima kinachotoka. Hatua hii isifanywe kwa hidrojeni, kwa kuwa ncha iliyo wazi huijaza oveni gesi inayolipuka.

Mafuta yaliyogandishwa na kiyoyozi yayeyushwe yote na kukorogwa kabla ya kupimwa. Chukua gramu 0.1, yeyusha katika mililita 2 za heksani, ongeza mililita 0.2 za potasiamu hidroksidi ya molari 2 iliyo katika methanoli, na utikise kwa nguvu nusu dakika ili mafuta yageuke esta za methili, ambazo huvukizika kwa urahisi zaidi. Tabaka la juu, likishatulia na kuwa angavu, ndilo linalodungwa. Unyevu wa pwani ni adui hapa: methanoli hunywa maji kutoka hewani, na maji hayo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, hivyo chupa isiachwe wazi, hasa wakati wa masika. Mbata iliyoota kuvu huleta tatizo jingine, kwani asidi zilizokwisha kujitenga na mafuta hazigeuzwi na njia hii. Hizo zahitaji methanoli yenye asidi ya salfuriki, pamoja na kupashwa moto.

Dunga mikrolita 1 kwa mgawanyo wa 1 kwa 50, yaani sehemu moja iingie kwenye kolamu na hamsini zitolewe nje, mlango ukiwa nyuzi 250. Oveni ianze nyuzi 70 na kupanda nyuzi 10 kwa dakika hadi 230. Ikianza juu sana, esta ya kapriliki, iliyo nyepesi, humezwa na kilele cha heksani. Vilele vitambuliwe kwa kulinganishwa na mchanganyiko sanifu wa esta zinazojulikana uliopitishwa siku hiyohiyo.

Katika mafuta halisi ya nazi, asidi ya lauriki huwa takriban asilimia 45 hadi 53, palmitiki 8 hadi 10, na oleiki 5 hadi 10. Mawese, yenye palmitiki karibu asilimia 44, hujifichua mara moja. Mafuta ya kiini cha mchikichi ni mjanja zaidi kwa kuwa lauriki yake ni ileile; hayo yatafutwe kwenye oleiki, ambayo kwake hufika asilimia 12 hadi 19, na kwenye kapriliki iliyopungua.

Vilele vya mchanganyiko sanifu vikianza kuburuta mkia, badilisha kwanza kijibomba cha kioo cha mlangoni. Visiponyooka, kata sentimita 20 za mwanzo wa kolamu na upime upya nyakati za kutoka. Kolamu inayowekwa kabatini izibwe ncha zote mbili.