Kuku wachache nyuma ya nyumba: kazi ya kwanza ni kuwatazama

Mwenye kuku 6 au 10 nyuma ya nyumba ana nafasi ambayo mwenye banda la kuku elfu hana: anaweza kumjua kila kuku kwa tabia yake. Wengi huipoteza. Asubuhi hufungua mlango, humwaga chakula na kwenda zao. Jioni hurudi kufunga. Kuku akishajikunyata pembeni, macho yamefumba na mbawa zimelegea, ujue ugonjwa haukuanza siku hiyo. Kuku huficha maradhi, kwa sababu wenzake humdonoa aliyedhoofika. Atajikaza, atajifanya anakula, mpaka nguvu zimwishie. Kwa hiyo tuanze na macho, dawa baadaye.

Asubuhi, kabla ya chakula

Fungua mlango na usimame uwaangalie wanavyotoka. Kuku mzima hutoka kwa pupa, shingo imenyooka, na akigusa ardhi tu anaanza kuchakura. Anayebaki ndani, au anayetoka wa mwisho siku mbili mfululizo wakati si kawaida yake, mkamate umchunguze. Chakula kiwekwe wakiwa na njaa na wewe bado umesimama, kwa kuwa hapo ndipo asiye na hamu ya kula anapojitokeza.

Kisha tazama kinyesi chini ya vichanja wanavyolalia. Cha kawaida hushikana, rangi yake ni kahawia au kijivu, na juu kina weupe. Weupe huo ndio mkojo wa kuku. Mara moja moja utakuta kingine laini, cha kunata, kahawia iliyokolea na harufu kali. Hicho hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo na si ugonjwa, ingawa kimewafanya wafugaji wengi wapya wakimbilie dawa bure. Chenye damu ni jambo jingine: shuku kuhara damu, hasa kwa vifaranga na kuku wanaokua, na hasa kama matandazo yamelowana. Kinyesi cha kijani kikiambatana na kuhema kwa shida au shingo kupinda, fikiria kideri (mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi) mara moja.

Maji ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Kuku anayetaga hula takribani gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na hunywa maji karibu mara mbili ya uzito huo. Kwenye joto hunywa zaidi sana. Yaliyomo ndani ya yai ni maji kwa karibu robo tatu, kwa hiyo chombo kikikauka mchana mmoja wa jua kali, mayai yanaweza kupungua kwa siku kadhaa. Inua chombo kifike usawa wa mgongo wa kuku ili wasichakurie uchafu ndani, kiweke kivulini, na ukisugue kila siku. Kuongeza maji juu ya yaliyolala si kubadilisha maji. Pitisha kidole ndani: ukikuta utelezi, chombo hakijaoshwa. Kuku hana tezi za jasho. Ukiona anahema mdomo wazi na kutanua mbawa, amezidiwa na joto na anahitaji kivuli, hewa na maji ya baridi.

Chakula na mayai

Kwenye chakula nitakuwa mfupi. Chakula cha kuku wa mayai chenye protini ya asilimia 16 au 17 kinatosha, na vya ziada kama majani na mabaki vije mchana, baada ya kushiba chakula chao. Ganda la yai moja hubeba karibu gramu 2 za kalsiamu, kwa hiyo weka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo chake peke yake, kila kuku achukue kadiri anavyohitaji. Ukitumia maganda ya mayai, yakaushe na uyasage mpaka yasitambulike, wasije wakajifunza kula mayai. Kuku asiyetoka nje apewe changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi. Vyakula vya chumvi nyingi, maharage mabichi, na ganda na kokwa la parachichi visiingie bandani. Chakula chenye ukungu kitupwe: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuanikwa wala kwa kupikwa.

Yai huchukua kama saa 24 hadi 26 kutengenezeka. Ndiyo maana kuku hutaga akichelewa kidogo kila siku, kisha huruka siku moja na kuanza tena. Akipukutisha manyoya atasimama kwa wiki kadhaa, nayo ni kawaida. Kiota kimoja kinatosha kuku 4 au 5, kiwe na giza kidogo na kiwe chini kuliko vichanja, la sivyo watalala humo na kukichafua. Kusanya mayai mara mbili kwa siku. Usiyaoshe bila sababu, maana ganda lina utando unaozuia vijidudu; tope kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Usiku, kichanjani

Ningeambiwa nichague ukaguzi mmoja tu, ningechagua huu, na mara moja kwa wiki inatosha. Giza likiingia kuku hutulia na hakuna wa kumkimbiza. Chukua tochi ya mwanga hafifu upite mmoja mmoja.

Anza na gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Usiku liwe limejaa. Asubuhi, kabla hajala, liwe tupu. Likiwa bado gumu asubuhi, limeziba, mara nyingi kwa majani marefu au nyuzi. Likiwa limejaa maji na mdomo unatoa harufu ya uchachu, nalo ni tatizo. Shuka kwenye mfupa wa kidari. Manyoya hudanganya: kuku anaweza kuonekana mnene huku kidari kimechongoka kama ukingo wa kisu. Huyo amekonda, tafuta sababu.

Fukua manyoya karibu na njia ya haja uone kama kuna chawa au mayai yao yaliyogandamana kwenye mashina ya manyoya. Tazama miguu: magamba yaliyoinuka na kukauka ni dalili ya ukurutu wa miguu, na kidonda cheusi chini ya unyayo mara nyingi huja na vichanja vya juu mno au vyenye kingo kali.

Utitiri mwekundu hautauona mchana mwilini mwa kuku. Hujificha kwenye nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikitoka na madoa ya damu, umeupata. Hapo tibu banda, nyufa zote, na urudie baada ya siku kama 7 kwa sababu mayai huendelea kuanguliwa. Kumtibu kuku peke yake ni kazi bure.

Wahesabu kabla ya kufunga. Wavu wa dirishani uwe wa matundu madogo. Si lazima kicheche apite mzima: hata mguu wake ukiingia humjeruhi kuku aliyelala karibu.

Yasiyosubiri

Kideri hakina tiba, kina chanjo. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kwa kawaida kila baada ya miezi 3. Fuata maelekezo ya chanjo uliyopewa, na uchanje kuku wazima. Kuku mgeni atengwe angalau wiki mbili, ahudumiwe wa mwisho kila siku. Ukitumia dawa, uliza muda wa kusubiri, na mayai ya muda huo yasiliwe wala kuuzwa.

Wakifa wawili watatu kwa siku chache, usiuze waliobaki kwa haraka na usile waliokufa. Wafungie wote ndani, mwite afisa mifugo, na mizoga uiache bila kupasuliwa mpaka aione.