Maski ya taa kwa chunusi, kwa sisi wenye ngozi nyeusi

Siku hizi hapa Kirumba, Mwanza, wadada wengi wanakuja saluni na maski ya taa waliyoagiza mtandaoni, ile ya kuvaa usoni yenye vitaa vya bluu na vyekundu, ukiwauliza bluu kazi yake nini hawajui, wanawasha tu. Haya twende mdogo mdogo.

Kwanza jua chunusi zako ni za aina gani. Taa inasaidia vile vipele vilivyovimba na vya usaha, vile vyeusi vya kwenye pua haina habari navyo, na mavimbe yanayouma kwa ndani usihangaike nayo, nenda hospitali ya Bugando ukaonane na daktari wa ngozi. Kama unapaka mkorogo wenye steroidi taa utawasha mpaka uchoke, maana steroidi zenyewe zinaleta chunusi.

Pili, dawa unazomeza. Doksisaiklini, ile antibayotiki ya chunusi, inafanya ngozi iwe nyepesi kuungua na mwanga, so muulize daktari kabla hujawasha chochote.

Tatu, soma boksi. Bluu iwe karibu nanomita 415 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), nyekundu 630 mpaka 660. Bakteria wa chunusi wana kitu kinaitwa pofirini, kikipigwa na bluu kinazalisha oksijeni kali inayowaua haohao, nyekundu yenyewe inatuliza uvimbe. Sasa sikia, bluu hiyohiyo inaamsha weusi kwenye ngozi kama zetu, kipele kinaondoka afu unabaki na doa miezi na miezi. Ndo maana mi kwa mteja mweusi naanza na nyekundu, bluu najaribu kwanza kipande kidogo chini ya taya, nasubiri wiki kadhaa, pakiwa peusi naiacha kabisa.

Nne, osha uso na sabuni laini, kausha, usipake mafuta wala poda, vaa miwani ya kukinga macho (kufumba macho tu haitoshi jamani), afu fuata dakika za kwenye maelekezo, ukizidisha huponi haraka.

Ukimaliza paka losheni. Ukitoka mchana paka sanskrini yenye rangirangi, ile yenye oksidi ya chuma, kwa sababu ile nyeupe ya kawaida mwanga wa bluu unapita tu. Na wale wanaoniambia "si nikakae tu juani kule Capripoint bure", jua lina UV wangu, ile miale inayounguza ngozi, utarudi na madoa.

Subiri wiki 8 mpaka 12 ndo useme imegoma. Na ukiacha zinaweza kurudi, taa haigusi homoni zinazochangia chunusi, kwa hiyo adapalini yako ya usiku, ile dawa ya kupaka ya chunusi, usiitupe.